Mbuta Hakulipa Karo Yangu

Wasee, ile video ya mbuta inakatika sekunde ya 41. Najua. Mmenitukana vya kutosha. Kuna mmoja aliandika ati hiyo ni mfuko wa saruji tumefunga kwa kamba tukatupa majini. Mwingine akasema nauza hewa. Leo nimeamua kuwaandikia kilichotokea, kwa sababu nikisema mbele ya kamera nitaanza kuchekesha, na hii stori si yote ya kuchekesha.

Jibu fupi ni kwamba tulimpata. Kilo 47. Sasa jibu refu.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Hiyo nilishawaambia, mkanipongeza wengine, wengine mkaniambia nitajuta. Kitu sikuwaambia ni kwamba karo ya semesta ya mwisho ilikuwa imetumwa. Shilingi 38,000, kutoka Rusinga, jina la anko kwa meseji ya M-Pesa. Sikuipeleka chuoni. Nilikaa nayo siku tatu, siku ya nne nikaenda mjini nikanunua simu yenye kamera ya maana. Hii simu. Kila video mmewahi kuona kwangu tangu mwaka jana imetoka kwa hiyo karo.

Na niliweza kulala usingizi kwa sababu ya hesabu moja niliyokuwa nayo kichwani. Anko, ambaye ni ndugu mdogo wa marehemu baba, ni mvuvi wa mbuta. Tangu nikiwa mtoto, kila tukienda ushago, stori ni mbuta. Mbuta aliyevunja ubao wa boti, mbuta aliyebebwa na watu wawili kwa mti. Kwa hivyo kwangu mimi karo ilikuwa samaki. Anko anavuta kamba, samaki anatoka, meseji inaingia. Nikila hii moja, si atavua mwingine? Ziwa ni kubwa.

Sasa ikafika wakati kontenti yangu imekauka. Nilikuwa nimesota vibaya, natazama video za watu wengine saa nane usiku. Hapo ndipo nikaangukia wazungu wa mbuta. Kuna dunia nzima ya hawa watu, mjue. Wanapanda ndege hadi Ziwa Nasser kule Misri, ama wanakuja hapa jirani Uganda, chini ya maporomoko ya Murchison, na fimbo za bei ya pikipiki. Wanapigana na samaki mmoja, wanamkumbatia, wanapiga picha, wanamrudisha majini. Rekodi ya dunia ya mbuta wa fimbo ni kilo 104, Ziwa Nasser, mwaka 2000. Samaki mzito kuliko mimi na wewe tukisimama kwa mizani moja, kama wewe pia umekonda kama mimi.

Nikajiambia, ngoja. Mimi nina anko. Hawa watu wanalipa maelfu ya dola kutafuta kitu anko anatafuta kila siku akiwa amevaa kaptura. Mwezi wa nane nikapanda basi la usiku, asubuhi niko Mbita, nikavuka daraja hadi Rusinga na begi moja na powabenki mbili.

Kwa wale wanaojua mbuta kama minofu ya hoteli, ama mgongo wazi wa kukaangwa kando ya barabara, kidogo tu kuhusu huyu mnyama. Si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, wakati wa mkoloni, kutoka maziwa mengine ambako ni kwao. Alipofika akakuta ziwa limejaa fulu, visamaki vidogo vya mamia ya aina, akavila. Kufikia miaka ya 1980 yeye ndiye alikuwa mwenye nyumba. Viwanda vikaja, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, mifupa ikabaki kwetu ikaitwa mgongo wazi. Anaweza kufika karibu mita mbili na kilo 200, ingawa siku hizi ukimwambia kijana wa ufukweni habari ya kilo 200 anakuangalia kama unamwambia habari ya dinosa. Wakubwa wamebaki wachache. Wamevuliwa.

Na hao wachache ndio anko anawatafuta. Hatumii nyavu. Ana kamba ya nailoni iliyozungushwa kwa kipande cha ubao, ndoano moja kubwa, jiwe la uzito, na mumi mdogo aliye hai kama chambo. Mumi wanakaa ndani ya mtungi wa plastiki uliokatwa juu, unawasikia usiku wakipiga kuta. Kwa vidole anafunga vipande vya tyubu ya baiskeli ili kamba isimkate. Hana kipimo cha kielektroniki. Anapanga mti fulani wa Rusinga na kilima fulani cha Mfangano, vikikaa sawa anazima injini. "Chini hapa kuna mawe," ananiambia. "Mbuta mkubwa ni kama mzee wa mtaa. Hatembei ovyo. Anangoja vijana wapite."

Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili, hakuna. Unaamka saa tisa usiku, mnasukumwa na upepo wa nchi kavu, jua linatoka, linakuchoma, mchana upepo unageuka unawarudisha. Mawingu ya visubi yanatoka ziwani kama moshi, yanaingia puani, ukifungua mdomo umeshakula. Tulikuwa wanne, anko, mimi, na vijana wawili wa boti ambao walinitazama siku zote kama mzigo wenye miguu. Siku ya tatu tukapata mmoja mdogo. Anko akamlaza kwa alama aliyochonga ubavuni mwa boti, hakufika sentimita 50 za sheria, akamrudisha. Mmoja wa vijana akanong'ona kitu kwa Kijaluo. Sikuelewa yote lakini nilisikia neno la unga.

Siku ya nne, hakuna. Nilianza kuhesabu bando.

Ya tano ndiyo ile mnaiona. Nilikuwa narekodi mikono ya anko tu, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kurekodi. Kamba ilikuwa imelala juu ya kidole chake cha shahada kama uzi juu ya sindano. Halafu kidole kikashuka. Kidogo tu. Anko hakusogea. Mnaona hapo sekunde ya 12 ananyamaza katikati ya neno? Alikuwa ananiambia habari ya bei ya petroli. Baadaye alinieleza kwamba mbuta haumi. Anafungua tu mdomo, na maji yote ya hapo karibu yanaingia ndani pamoja na chakula. Kwa hivyo juu huku unasikia kitu kama mtu amegonga mlango mara moja akaenda zake. Ukivuta hapo umempoteza.

Anko akahesabu. Namwona kwa video midomo inatembea. Halafu akavuta kwa mwili mzima na kamba ikaanza kukimbia.

Sekunde ya 38 anapiga kelele, "Wuoda, shika!" Ana kidonda cha zamani mkono wa kushoto, akishika peke yake kitafunguka. Vijana mmoja yuko kwa injini, mwingine anatoa maji. Mimi niko na simu ya elfu 38 mkononi. Hiyo sekunde ya 41 mnayolalamikia ni mimi nikiiangusha. Ilianguka kwa maji machafu yaliyo chini ya boti, kioo kikapasuka, na nikashika kamba bila tyubu ya baiskeli.

Sasa, nilikuwa nafikiri najua furaha. Nimepata video ya watu laki mbili, nikakaa kitandani nikiangalia namba zikipanda hadi mkono ukafa ganzi. Nilidhani hiyo ndiyo kilele. Lakini kamba ikiwa hai ni kitu kingine. Kwa sababu kuna mtu upande wa pili. Unamsikia akitingisha kichwa, tak, tak, tak, mita 30 chini yako, na yeye anakusikia. Hujui ukubwa wake, hujui kama ndoano imeshika mfupa ama ngozi. Akienda, unaacha aende, na kuacha ndiyo sehemu ngumu kwa sababu mwili wako wote unataka kuvuta. Kidole changu kilikuwa kinakatika na nilikuwa nacheka. Sijui kwa nini nilikuwa nacheka.

Najua nilicheka kwa sababu simu haikufa. Iliendelea kurekodi. Nina dakika 26 za giza na sauti tu, na hiyo sijaweka popote. Unasikia maji, unasikia jina la Mungu kwa lugha tatu. Unasikia anko, "Wacha aende! Wacha! Wacha, we! Sasa leta. Leta. Leta." Halafu kelele ya watu wote kwa pamoja, hapo ndipo aliruka. Alitoka majini mzima, mdomo wazi, ungeingiza ndoo ndani, akatikisa kichwa akaanguka kwa ubavu. Akitokea karibu na boti macho yake yalikuwa ya dhahabu. Si kama dhahabu. Yanawaka, kama ya paka usiku, lakini mchana. Vijana wakaingiza ndoano kubwa chini ya shavu, wakavuta, na tukawa watano ndani ya boti.

Anko alimwekea mkono kichwani. Hakusema kitu. Alikuwa analia ama ni maji, na mimi sikuuliza.

Ufukweni watu walikimbia. Watoto wakamgusa jicho. Mzee mmoja akasema huyo ni mama, na ni kweli wale wakubwa kabisa huwa ni majike. Mizani ikasema 47. Nikatafuta mahali pa kupigia picha na simu iliyopasuka, na hapo hesabu ikaanza, na nitawaandikia yote kwa sababu mimi sikuwa nimewahi kuisikia.

Kilo 47 kwa shilingi 300 ni 14,100. Nilipiga moyo konde nikaona hiyo si mbaya, samaki mmoja! Ajenti akafungua daftari. Anko na vijana walikuwa wamekopeshwa petroli ya safari ambazo hawakupata kitu, na hizo ni nyingi kuliko siku zangu nne. 7,500 ikatoka. Imebaki 6,600. Nusu ni ya boti na injini, na injini si ya anko. Imebaki 3,300. Watu watatu, kila mtu 1,100. Mimi sihesabiwi. Na ndani ya tumbo la yule samaki kulikuwa na lile fuko la hewa, ambalo likikaushwa husafirishwa hadi China na Hong Kong kupikwa supu za matajiri, na kila mtu pale ufukweni anajua lina bei yake peke yake. Lilienda na samaki. Hakuna aliyelitaja.

Anko akanipa 200 ya kidole. Alikuwa na furaha kuliko bwana harusi.

Jioni hiyo alisimulia mara nne, kila mara samaki anaongezeka. Mama mdogo, mke wake, alikuwa anapepeta mchele akisikiliza na kutabasamu. Anko alipoenda kulala nikamsaidia kutoa vyombo, na kwa sababu nilikuwa bado nimelewa ile kitu nikasema, "Mama, kwa kweli anko ametusomesha na hii kazi."

Akacheka. Si kwa ubaya. Alicheka vile unacheka mtoto akikuambia jua linalala ziwani.

"Nyathina," akasema, "mbuta wa mwisho kabla ya huyu alikuwa mwezi wa tatu."

Halafu akaniambia pole pole, akisugua sufuria. Karo yangu ilikuwa omena. Yote, tangu Fomu One. Yeye na wenzake wa chama. Mnajua mambo ya jaboya huku kwetu, mwanamke hawezi kupata samaki wa kuuza mpaka akubaliane na mvuvi mambo mengine. Hao wanawake walichoka, wakachanga, wakanunua boti yao ya omena wakaandika vijana wa kuiendesha. Usiku usio na mwezi wanatoka na taa, alfajiri wanarudi, kina mama wanaanika kwenye nyavu juu ya mchanga, wanageuza, wanafukuza ndege, mvua ikinyesha wanapoteza yote. Aprili hadi Julai omena hufungwa ili wazaane, na miezi hiyo ndiyo ilikuwa ya kukopa. Anauza kwa gorogoro, magunia yakijaa anapeleka Kisumu, soko la Kibuye. Pesa ikifika anaiweka kwa simu ya mumewe ndiye atume. "Ni vizuri itoke kwa baba yako mdogo," akasema. "Mwanaume akivua mbuta anahitaji kitu cha kumshikilia."

Nikamuuliza kwa nini asimwambie aache, aje kwa omena, huko ndiko kuna pesa ya kila wiki. Akaniambia walijaribu. Walinunua wavu na taa, anko akavumilia miezi mitano, akaviuza akanunua kamba na ndoano. "Aliniambia omena haimjui jina."

Hiyo sentensi nimeibeba hadi leo. Nilitaka kukasirika na anko kwa niaba ya mama mdogo, na sikuweza, kwa sababu kidole changu kilikuwa bado kinapiga. Na pia, hebu tuseme ukweli. Mimi ndiye niliacha kitu kidogo cha kila siku, darasa, mtihani, cheti, nikaenda kukaa juu ya maji nikingoja kitu kikubwa kigonge mara moja. Kuna watu wengi mnafanya hivyo na mnasoma hii sasa. Hatusemi tunacheza kamari, tunasema tunajenga brandi. Lakini tukiamka usiku kuangalia namba, ni kidole juu ya kamba. Na kuna mtu mahali fulani anaanika omena ili sisi tuweze kungoja. Dada yako. Mama yako na kibanda. Yule rumeti anayelipa tokeni za stima kila mara.

Sisemi wale wa Ziwa Nasser ni wabaya. Wao wanavua wakijua chakula cha jioni kiko hotelini. Ile raha ni ileile, nimeionja, inakata kidole kilekile. Tofauti ni nani analipa zile siku nne za kwanza.

Nilimwambia usiku huo. Hapo jikoni. Chuo niliacha, karo ya mwisho ni hii simu, na imepasuka.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliichukua, akaipangusa kwa leso, akaigeuza nyuma na mbele. Akauliza ni pesa ngapi, nikasema. Akanyamaza akihesabu, nikajua anahesabu kwa gorogoro. Halafu akanirudishia, akasema, "Kesho boti ya omena inafika saa kumi na mbili. Uwe ufukweni." Akaenda kulala.

Saa tisa usiku anko akagonga dirisha. "Wuoda! Upepo leo ni mzuri. Amka!" Nilikuwa macho tayari. Nilisikia mumi wakipiga kuta za mtungi. Sitawadanganya, mwili wangu ulishasimama kabla sijauambia. Nikamwambia nimepewa kazi na mama. Akakaa kimya pale nje kwa muda, halafu akasema, "Sawa. Lakini nikirudi na mkubwa usiseme sikukuita."

Nilianika omena hadi mgongo ukakataa. Nilifukuza ndege kwa fimbo kama mtoto. Wanawake wa chama walijua, nilijua wanajua, hakuna aliyesema kitu isipokuwa mmoja aliyenionyesha jinsi ya kutawanya vizuri na kuniambia mkono wangu ni wa mtu wa mjini. Nikapiga video moja ya hizo nyavu zikimetameta fedha ufukwe mzima. Ilitazamwa na watu 900. Bado iko pale, mnaweza kuitafuta.

Saa saba mchana boti ya anko ikaonekana, na kutoka mbali niliona amesimama. Mtu hasimami ndani ya boti bila sababu. Kilo 53. Nilimbeba upande wa mkia hadi kwa mizani nikinuka omena, na anko akanitazama hakusema neno, na hadi leo hiyo inaniuma mahali sijui niiteje.

Siku hizi napiga video za harusi na za mabucha wanaotaka kujitangaza. Nimerudisha 6,500. Natuma kwa namba ya mama mdogo mwenyewe, nilimwomba anipe yake. Imebaki 31,500.